Kushindilia risasi za baruti nyeusi kwa shotigani kongwe namba 10: uzi kwa wale mlioniuliza

#1 Mdeki (mleta uzi)

Wakuu salaam. Juzi nilitupia picha ya bunduki ya mitutu miwili kwenye uzi wa vitu vya kale, maswali yakamiminika hadi nikashindwa kujibu kwa simu. Leo nimekaa kwenye kompyuta, chai ipo pembeni, nje mvua ya Lincolnshire, hapa Uingereza, inanyesha kama kawaida yake. Tuongee.

Kwetu ni Kilwa, vijiji vya ndani huko, siyo Masoko. Babu alikuwa na gobore lenye kibali, la kulinda mihogo dhidi ya nguruwe na nyani. Nilikuwa na miaka minane hivi na nilikuwa simwachi hatua. Anamimina baruti kwenye mdomo wa mtutu kwa kijikopo cha pembe. Anafuatishia makumbi ya nazi aliyoyafikicha, anashindilia kwa mdeki, ule ufito wa kushindilia, mpaka mdeki wenyewe uanze kudunda. Kisha marisau, yaani zile punje ndogondogo za madini zinazotoka kwa pamoja, kisha makumbi tena kidogo ili marisau yasimwagike akiinamisha bunduki. Mwisho anavisha fataki kule nyuma. Kazi yangu ilikuwa moja tu: akishapiga, nikimbilie lile donge la makumbi lililoanguka mbele, nilikanyage. Nilidhani ni mchezo alioubuni ili mjukuu asichoke kusubiri.

Sasa niko huku, fundi wa matrekta, na jirani yangu ni mzee mmoja mstaafu aliyewinda bata maji kwenye matope ya ghuba ya Wash tangu utoto wake. Siku aliponiita jikoni kwake na kupanga mezani vifaa vya kujazia risasi, nilicheka peke yangu. Baruti, kizibo, marisau, kizibo. Gobore la babu lilelile! Wazungu wamelihamishia tu ndani ya ganda, ili ushindilie nyumbani ukiwa umekaa, badala ya kushindilia porini huku nguruwe anakutazama.

Kwa hiyo ganda la risasi lichukulieni kama gobore fupi linaloingizwa ndani ya bunduki. Nitarudi hapohapo kila mara.

#2 Kasuku wa Tandale

Nimewahi siti ya mbele. Mkuu, kabla hujaenda mbali: hiyo "namba 10" ni nini? Milimita 10? Mbona kwenye picha mdomo wa mtutu unaingia kidole gumba na nafasi inabaki?

#3 Mdeki

Ni hesabu ya wahenga wa huku. Chukua ratili moja ya madini ya risasi, gramu 454. Igawe tufe kumi zilizo sawa. Tufe moja, gramu 45 na ushee, inayopita kamili kwenye mtutu, basi mtutu huo ni namba 10. Ukigawa tufe kumi na mbili unapata namba 12 mnayoijua wote. Ndiyo maana namba ikishuka mdomo unapanuka: namba 12 ni milimita 18.5, namba 10 ni 19.7, namba 8 ni 21.2. Namba 4 ni tufe nne kwa ratili, kila moja gramu 113. Hiyo ni mdogo wake mzinga.

(Kiswahili chetu nacho kimetutega hapa. Risasi ni madini, risasi ni kile kinachotoka, risasi ni kitu kizima na ganda lake. Kwenye uzi huu nikisema "risasi" peke yake namaanisha kitu kizima. Madini nitayataja kuwa madini.)

Baruti nayo wanaipima kwa dramu. Dramu moja ni gramu 1.77. Mpaka leo maboksi kadhaa ya risasi za Marekani yanaandikwa nguvu yake kwa dramu, ingawa ndani hamna hata chembe ya baruti nyeusi. Maana yake ni kwamba hiyo baruti ya kisasa inasukuma kama dramu kadhaa za ile ya zamani. Msomaji asiyejua akipima dramu hizo za baruti ya kisasa, mazishi. Hilo nitalirudia.

#4 Bi Forodhani

Assalaam alaykum. Kaka Mdeki, ahsante kwa kutaja fataki na mdeki, maneno haya vijana wanayaacha yafe. Niongeze kidogo, kwani babu yangu upande wa mama alikuwa nayo gumegume ukutani.

Gumegume ni ile ya jiwe: jiwe linagonga chuma, cheche inaruka kwenye kisahani, baruti inashika. Ya fataki ilikuja baadaye, kikofia kidogo cha shaba chenye dawa inayolipuka ikigongwa. Zote mbili hushindiliwa mdomoni. Na msidhani zilibaki kwetu kwa sababu watu wetu hawakuzijua bora. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia silaha kuingizwa Afrika kuanzia nyuzi 20 kaskazini hadi nyuzi 22 kusini, hasa zile zenye mifereji ndani ya mtutu na zote za kisasa. Zilizoachiwa mlango ni gumegume zisizo na mifereji pamoja na baruti ya biashara ya kawaida. Basi mwenye koloni akaja na bunduki ya kisasa, na mwenye shamba akauziwa gumegume kutoka Birmingham na Liège. Hiyo haikuwa bahati mbaya.

#5 Mdeki

Wa alaykum salaam Bi mkubwa. Hapo umeweka nondo. Na bunduki ninayoiandika hapa ni ya Birmingham pia! Huenda benchi moja lilitengeneza gumegume ya kuuzwa kwetu, na benchi la jirani likatengeneza hii ya bwana wa huku.

Nimepewa umri wake na maandishi tu. Chini ya mitutu imegongwa NOT FOR BALL, yaani usitumie tufe moja, marisau tu. Muhuri huo uligongwa kati ya 1875 na 1887 kwenye mitutu iliyobanwa kidogo mdomoni ili marisau yasitawanyike upesi. Tufe linalopita nyuma linakwama mbele. Kwa hiyo bunduki ina miaka isiyopungua 138. Kilo nne na nusu, mitutu ya sentimita 81, nyundo mbili za nje kama masikio ya punda. Mitutu ni ya Damaski, ukiiangalia kwenye jua ina michirizi kama mkeka.

#6 Fundi wa Gerezani

Hapo kwenye mkeka ndipo nilipokuwa nakusubiri. Mimi nafua vyuma, na hiyo kazi nimeisoma mpaka nikaota. Wanachukua fito za chuma laini na fito za pua, wanazifunga pamoja, wanazichoma, wanazisokota kama kamba. Ile kamba wanaifanya utepe, utepe wanauzungushia fimbo ya chuma kama mtu anayefunga bendeji mguuni, halafu wanaugonga ukiwa mwekundu hadi kingo zishikane. Kisha wanatoboa, wanapiga msasa, wanapaka dawa inayokula chuma na pua kwa kasi tofauti, na mkeka unajitokeza.

Sasa fikirini wenyewe: mtutu mzima ni mshono mmoja mrefu. Mahali fulani kwenye mshono kunaweza kuwa na takataka ya tanuru iliyonaswa mwaka 1880, na kutu ikaanza kutembea humo taratibu. Kwa nje inang'aa. Mdeki, umeipimaje?

#7 Mdeki

Fundi, swali la mtu mzima. Sikuipima mimi. Niliipeleka kwa fundi bunduki mwenye kifaa cha kupima unene wa ukuta wa mtutu inchi kwa inchi, akaangalia mashimo ya kutu ndani na kama mitutu bado imeshikana vizuri na ubavu wake, ule utepe wa chuma unaoiunganisha. Kisha akasoma mihuri. Huku bunduki hujaribiwa kwa shehena nzito kuliko ya kawaida kabla haijauzwa. London wana kazi hiyo tangu 1637, Birmingham wana nyumba yao tangu 1813. Yangu ina mihuri ya baruti nyeusi peke yake. Haina muhuri wa baruti ya kisasa, kwa hiyo haitapigwa baruti ya kisasa na mimi wala mtoto wangu.

Niseme tofauti yao, kwa kuwa roho za watu zipo hapo. Baruti nyeusi ni shura, makaa na kibiriti cha unga. Inawaka kwa fujo, moshi mwingi, lakini nguvu yake kwa ujazo ni ndogo, ndiyo maana unajaza kijiko kizima. Mfaransa Paul Vieille alipotoa baruti isiyo na moshi ya bunduki za jeshi mwaka 1884, kitu kilikuwa kingine kabisa: kidogo tu kinafanya kazi kubwa, na ukizidisha kidogo shinikizo halipandi kidogo, linaruka. Mtu akichota baruti ya kisasa kwa kijiko cha baruti nyeusi na kujaza ganda, atakuwa ametengeneza bomu na kuliweka sentimita ishirini mbele ya uso wake.

#8 Jirani wa Eldoret

Sasa mbona ujisumbue hivyo, si ununue tu risasi za namba 10 dukani? Nimeona ziko.

#9 Mdeki

Zipo, na ndizo zingenimaliza. Chemba ya bunduki yangu, pale ganda linapolala, ina urefu wa milimita 73. Namba 10 za dukani siku hizi nyingi ni za milimita 89, za baruti ya kisasa, zimetengenezwa kwa bunduki za kisasa.

Na hata kwa wenye namba 12 za zamani, sikilizeni. Urefu wa ganda unapimwa likiwa limefunguka. Likikunjwa mdomo linakuwa fupi, kwa hiyo ganda la milimita 70 linaingia bila shida kwenye chemba ya milimita 65 na bunduki inafunga vizuri. Ukifyatua, ule mkunjo unafunguka mbele ya chemba, mahali pembamba, na kuyabana marisau yakipita. Bunduki haitakuonya. Pima chemba kwanza, usiamini kwamba "imeingia".

#10 Kasuku wa Tandale

Haya tupeleke jikoni sasa. Tunashindiliaje?

#11 Mdeki

Twende. Meza ya mbao, dirisha wazi, hakuna jiko, hakuna sigara, hakuna mtoto. Baruti nyeusi inashika kwa cheche yoyote, kwa hiyo vijiko na faneli vyangu ni vya shaba, na mashine za umeme za kupimia sizisogezi karibu. Kopo linafunguliwa, linachotwa, linafungwa. Halibaki wazi hata nikienda kufungua mlango.

Maganda nina ya aina mbili, ya karatasi yenye kitako cha shaba, na ya shaba tupu. Nianze na la karatasi. Fataki ya zamani natoa kwa msumari butu, mpya naisukuma mpaka ilale sawa na kitako; ikichomoza, bunduki inaweza kuigonga wakati wa kufunga. Kisha baruti. Kwa namba 10 natumia chembe kubwa, zile zenye alama ya Fg, kiasi cha dramu 4, yaani gramu 7 na kidogo. Wenye namba 12 wengi huenda FFg, chembe ndogo kiasi, dramu 3. Chembe zikizidi kuwa ndogo moto unakwenda mbio mno kwa mtutu mpana.

Juu ya baruti kunakaa kizibo cha kadi ngumu, unene wa milimita 3. Hiki ndicho kinachozuia gesi. Nakisukuma kwa kipande cha mpini wa ufagio nilichokisawazisha, nakandamiza hadi nisikie ile "krrch" ya chembe kubanana. Baruti nyeusi haitaki hewa kati yake na kizibo. Babu alikuwa anasikiliza mdeki udunde. Mimi nasikiliza krrch, na kila ganda nalikandamiza kwa nguvu ileile, la sivyo hakuna mbili zitakazopiga sawa.

Inafuata sufi iliyoshindiliwa, unene wa sentimita moja na kitu, imelowekwa kwenye nta ya nyuki na mafuta. Ina kazi mbili, kuyapokea marisau yasipondwe na teke la kwanza, na kulainisha masizi ndani ya mtutu ili risasi ya ishirini ipite kama ya kwanza. Halafu marisau gramu 35. Halafu kadi nyembamba kama ya boksi la biskuti. Mdomo wa ganda unaviringishwa kwa ndani kwa kifaa cha mkono, kinachozungushwa kama mashine ya kusagia nyama. Nalitikisa sikioni. Likilia kama kayamba, halijajaa. Naongeza sufi kidogo. Baruti siongezi kwa ajili ya kujaza nafasi.

Siri ya wazee wa huku ni nyepesi: kijiko kile cha marisau, ukikijaza baruti, unapata karibu kiasi kinachotakiwa. Ujazo kwa ujazo. Nilijifanya mjuaji nikapandisha mpaka karibu dramu 5. Nikabandika karatasi kubwa mita 36 mbele, nikachora duara la sentimita 76, nikapiga. Bega likaniuma siku mbili, na karatasi ilikuwa na tundu tupu katikati kama andazi la kizungu. Bata angekaa humo akapiga miayo. Nilirudi dramu 4, duara likajaa.

#12 Mwana Rufiji

Unaongelea teke la dramu 5? Muulize yule ambaye pori letu lilibeba jina lake. Frederick Selous alifika Afrika Kusini 1871 akiwa na miaka 19, akawa anawinda tembo na namba 4 za Birmingham, za kushindilia mdomoni, zilizotengenezwa kwa ajili ya bata! Tufe la gramu 113, na baruti ameibeba kwenye mfuko wa ngozi ubavuni, anachota kwa kiganja. Hakuna kijiko, hakuna dramu. Baadaye mwenyewe aliandika kwamba zile bunduki zilimharibia mishipa yake ya fahamu, na kwamba alijuta kuzitumia.

Aliuawa Beho Beho tarehe 4 Januari 1917, kwenye vita vya Wajerumani na Waingereza, na kaburi lake liko hukohuko. Sehemu kubwa ya pori lile tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

#13 Mdeki

Asante sana kwa hii. Nitamsomea yule mzee jirani, maana yeye kila akifyatua namba 8 yake ya dramu 6 na gramu 57 za marisau hujiona ndiye mwanaume wa mwisho duniani.

#14 Nyati Mpweke

Mkuu mambo ya dramu hayatusaidii. Tupe mchanganyiko wa kutengeneza hiyo baruti nyumbani, shura ipo ya mbolea, kuna gobore hapa na nguruwe wanamaliza mpunga.

#15 Mdeki

Hapana. Sitoi hapa wala inboksi. Mimi mwenyewe siitengenezi. Nainunua kiwandani, na kwa hapa Uingereza ili niinunue nina cheti cha shotigani na kingine tofauti cha vilipuzi, vyote vya polisi, na kopo linalala ndani ya boksi la mbao nene lililogawanywa vyumba. Kwa nyumbani kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Gobore lisilo na kibali ni kesi, hata kama nguruwe ni wa kweli. Serikali imekuwa ikitoa vipindi vya msamaha vya kusalimisha silaha bila kushtakiwa, kikitangazwa, lipelekeni. Nguruwe nendeni kwa afisa wanyamapori.

#16 Fundi wa Gerezani

Naunga mkono. Nimeletewa mara mbili bomba la usukani wa gari nitengeneze "kitu cha shambani". Nilikataa. Bomba lile halikutengenezwa kuzuia mlipuko. Likipasuka linapasukia pale mkono wa kushoto ulipo.

#17 Papa Likasi

Huku kwetu Katanga gobore tunaliita pupu. Jina lenyewe ni sauti yake. Niliona kijana mmoja wa kijiji vidole vitatu vimeenda. Alikuwa ameweka baruti mara mbili, alisahau kama ameshaweka. Ganda ni bora, unaliona limejaa.

#18 Mdeki

Papa, umegusa kitu. Kwenye meza yangu maganda yote matupu yanasimama kichwa chini. Likishapata baruti linageuzwa juu na kupewa kizibo palepale, kabla sijagusa lingine. Simu ikiita wakati huo inaita mpaka inachoka.

Sasa niwape aibu yangu. Maganda ya shaba ukuta wake ni mwembamba kuliko wa karatasi, kwa hiyo kwa ndani ni mapana. Mwenye namba 12 ya shaba inabidi atumie vizibo vya namba 11 au hata 10. Mimi sikujua. Nilitumia vizibo vilevile vya kwenye karatasi, na kwa kuwa shaba haiviringishwi mdomo, kadi ya juu niliisukuma tu ikakaa kwa kubana. Ilionekana imekaa.

Asubuhi na mapema, mimi na mzee, tunalenga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani. Nikapiga mtutu wa kulia, bum, wingu jeupe, sioni mbele. Nikashusha bunduki kidogo nichungulie chini ya moshi kama kisahani kimevunjika. Nikasikia kitu kama mchele unaomwagika sinia. Sikujali. Kisahani cha pili kikarushwa, nikavuta mtutu wa kushoto: "fuuu." Hakuna teke, moshi tu na kipande cha sufi kikaanguka hatua nne mbele.

Nikacheka. Mzee hakucheka. Akaninyang'anya bunduki, akaifungua, akachungulia mitutu yote miwili kwenye mwanga, kisha akainama chini na kunionyesha marisau kwenye nyasi, yametawanyika mbele ya viatu vyangu. Teke la mtutu wa kwanza lilikuwa limeilegeza kadi ya mtutu wa pili. Nilipoinamisha bunduki marisau yakamwagika. "Na kama kizibo kingebaki katikati ya mtutu?" akaniuliza. Ningeweka risasi nyingine nyuma yake, mtutu ungevimba au kupasuka pale kilipokwama. Tangu siku hiyo vizibo vya shaba nanunua vikubwa kuliko namba ya bunduki, kadi ya juu nazungushia gundi nyeupe pembeni na kuiacha usiku mzima. Na mlio ukiwa tofauti na uliouzoea, nasimama, nafungua, nachungulia.

#19 Jirani wa Eldoret

Aki huyo mzee apewe kiti. Swali lingine: mbona usitumie vile vikombe vya plastiki viko ndani ya risasi za kisasa? Ni rahisi. Na hayo marisau ni ya madini ya risasi ama ya chuma?

#20 Mdeki

Plastiki na baruti nyeusi haviivi. Moto wake unayeyusha plastiki na kuipaka ukutani mwa mtutu, ikichanganyika na masizi unapata kitu kama lami. Utasugua mpaka Idi. Kadi na sufi havina tatizo hilo.

Marisau inategemea unapiga nini. Visahani vya udongo natumia madini ya risasi. Bata na bata bukini hapana, England walipiga marufuku tangu 1999 kwa ndege wa majini, kwa kuwa ndege huokota yale marisau matopeni wakidhani ni changarawe na kufa kwa sumu. Marekani walimaliza kwa nchi nzima mwaka 1991. Ya chuma nayo ni magumu mno kwa mitutu hii laini iliyobanwa mdomoni. Inabaki madini ya bismuthi, laini kiasi na bei yake inakufundisha kulenga.

Marekani, kwa taarifa, hata hiyo namba 8 ya mzee ingekuwa kosa kwa ndege wahamao. Mwisho wao ni namba 10. Huku namba 8 bado zipo, na zipo hata zile zinazofungwa kwenye mtumbwi mwembamba, mwindaji amelala kifudifudi. Sheria ya 1981 iliweka mwisho wa mdomo wake kuwa inchi 1.75, milimita 44.

#21 Bi Forodhani

Na usafi? Babu yetu alikuwa akisema gumegume haioshwi kesho.

#22 Mdeki

Kweli kabisa, wala haioshwi jioni. Zaidi ya nusu ya baruti nyeusi ikiungua haiwi hewa, inabaki yabisi: moshi ule mweupe na masizi ndani ya mtutu. Masizi yale yanavuta unyevu, na usiku mmoja wa pwani unatosha kuleta kutu. Mafuta ya bunduki ya kisasa peke yake hayayatoi. Maji ya moto ndiyo dawa. Nafungua bunduki, mitutu naichomoa, nachomeka faneli, birika zima linapita, yanatoka maji meusi yanayonuka yai viza. Mke wangu amenihamishia bustanini. Kisha kitambaa kikavu mpaka kitoke cheupe, kisha mafuta. Maganda ya shaba yanatumbukizwa kwenye ndoo ya maji ya sabuni hukohuko uwanjani.

#23 Kasuku wa Tandale

Mkuu umeanza na makumbi ya nazi ya babu, na hujayarudia. Je, yanafaa badala ya sufi?

#24 Mdeki

Nilikuwa naomba Mungu mtu aulize. Mwaka jana dada alinitumia kifurushi kutoka Kilwa, ubuyu na vikorokoro vingine, vimefungwa ndani ya makumbi ili visivunjike. Nikayafikicha kama babu, nikayashindilia kwenye maganda sita juu ya ile kadi ngumu, mahali pa sufi. Bila nta, nilitaka yawe kama ya kwetu.

Karatasi ya mita 36 ilijaa vizuri, sikuona tofauti na sufi. Nikamgeukia mzee nimsimulie habari za babu. Mwezi ulikuwa Agosti, na Agosti ile mvua ilikuwa imetusahau, shamba la jirani lilikuwa limevunwa, mabua tupu. Mzee hakuwa ananisikiliza. Alikuwa ameshaanza kukimbia, kwa umri wake ule, kuelekea hatua ishirini mbele, mahali palipokuwa pakifuka moshi mwembamba kwenye mabua, na alipofika akaanza kukanyaga kwa viatu vyote viwili, akinitukana kwa lahaja yao ambayo hata baada ya miaka yote hii siishiki vizuri.

Nikakimbilia la pili.